Cheti cha Orrin

Keki ilikuwa ya buluu, rangi ya sare zetu.
Tulikalia viti vya darasa la kwanza,
magoti yakikaribia videvu,
mkubwa wa kampuni akisoma majina kama mwalimu wa zamu.

"Orrin Haugstad! Miaka thelathini na mmoja!"
Makofi. Kisha shingo zikageuka.
Kitini pake palikuwa na koti tu.

Mimi nilijua. Boila ilikuwa ikikohoa tangu alfajiri,
na nje Duluth yote ilikuwa nyeupe hadi madirishani.

Wakamsifia Jumamosi zake:
ngazi za Bi Tervo alizozigeuza mteremko
ili kiti cha magurudumu kipite,
mbao kanunua mwenyewe, risiti hakuitoa.

Hawakumtaja mtoto aliyejikojolea koridoni
siku ya kupigwa picha,
na Orrin, bila neno, akaipiga teke ndoo yake,
maji yakatapakaa, kila mtu akalowa,
pasiwe na wa kuchekwa.
Mtoto huyo ni wangu.

Nikakishika cheti, nikashuka nacho chini.
Akakitazama bila kukigusa, mikono masizi matupu.
"Jina wamelikosea. Herufi imezidi."
Akajifuta, akakikunja mara nne,
akakisokomeza chini ya mguu wa meza
uliocheza tangu niajiriwe.

Akaitikisa meza. Kimya.

"Sasa," akasema, "keki mmenibakishia?"