Kinachoingia, Kinachotoka

Saa nane za usiku, Migosi, Kisumu,
mvua inagonga mabati kama mtu anayedai deni,
nami napekua mistari niliyoiandika Februari,
natafuta neno ambalo sikuliandika.

Kazi ni tatu.
Ya kwanza hupokea mvua ya Tinderet:
Sitienei huamka saa tisa na tochi na gambuti,
huchungulia mtungi wa bati, hutuma tarakimu kwa simu.
Ya pili hupiga hesabu ya mto Nyando.
Ya tatu huwaambia watu wa Ahero: laleni,
au: hameni.

Mashine haijui kwamba mvua hutangulia mto.
Haijui "kama kawaida".
Sharti uiandikie: kazi hii inakula hiki, inazaa hiki,
na anayekula alichozaa mwenzake, amsubiri.
Sheria yote ndiyo hiyo. Mtoto wa chekechea anaijua:
hakuna ugali kabla ya unga.

Pembejeo. Kule Ahero neno hilo ni mbolea na mbegu za mpunga.
Mimi kwenye kazi ya pili niliacha pembejeo tupu,
mabano mawili yanatazamana
kama milango ya duka lililohamwa.
Basi ikajiona haimdai mtu kitu.
Ikaanza saa tisa kasorobo, Sitienei bado anavaa gambuti,
ikakuta faili ya jana, kavu, milimita tatu,
ikaila hiyo.
Haikulalamika, na hilo ndilo linaloniuma.
Hakuna kosa lililoandikwa popote.
Alama zote zilikuwa kijani.

Peres Anditi alisoma ujumbe wetu saa kumi na moja,
amesimama juu ya kitanda, kuku kwapani:
*Mto u shwari. Laleni.*
Akapiga simu. Hakutukana.
"Nyinyi wenzetu," aliuliza, "mnapima mto gani?"

Leo nimejaza mabano.
Inahitaji: vipimo vya Tinderet, vya leo.
Herufi chache, hata mstari haukujaa.
Sasa kazi ya pili inaketi mlangoni, haibanduki,
na mtandao ukipotea huko milimani
itaketi hadi maji yafike kitandani tena,
mwaminifu, kimya.

Kwa hiyo nimeongeza ya nne.
Inakula saa tu. Ikifika kumi na mvua haijaja,
inazaa maneno mawili niliyoona haya kuyaandika:
*Hatujui. Chungulieni.*

Iliwashwa Alhamisi. Ikatuma Ijumaa.
Nikakaa na simu mkononi nikingoja matusi.
Jibu lilikuja moja, la Peres:
"Nimechungulia. Umefika kwenye mpera."

Nikaliandika hilo nalo, mpera wa Peres,
upande wa vinavyoingia.