Joho la Meya

Joho hili nililikata mimi.
Mahameli nyekundu, mita tano na robo,
bitana ya hariri,
pindo la uzi wa dhahabu nilioutia kwa mkono
siku kumi na moja,
umeme ukikatika nashika tochi kwa meno.
Risiti ninayo. Fedha sijaiona.

Jana limerudi dukani, Mwembetanga,
ndani ya mfuko wa plastiki,
mifuko ile ile waliyotupigia faini.
Kalileta karani wa Baraza, Makame Vuai,
mtoto wa watu, kola imemlowa jasho.
"Bi Raya," kasema, "litoe jina kifuani,
kisha ulibane, au ulipanue.
Bado hatujui nani."

Juzi Vuga nilikuwepo.
Nilifuata kesi ya kiwanja cha marehemu dada yangu,
nikakuta watu wamejaa hadi nje.
Khelef Pandu kashuka kwenye gari ya wapelelezi
kwa shati la mikono mifupi,
na bega lake la kushoto
liko chini kuliko la kulia.
Watu wakanong'ona: kapooza? kapigwa?
Mie nilikuwa nalijua bega lile.
Nililitilia pamba miaka mitatu nyuma
ili mji umwone kanyooka.

Magari ya taka kumi na mawili, yamelipiwa.
Bandarini yalifika manne.
La nne halina injini,
kuku wa walinzi wanatagia humo.
Alipoulizwa kama kaelewa mashtaka
akaitika "Naam,"
kwa sauti yake ya kukatia utepe.

Tangu hapo cherehani haipumui.
Wa kwanza naibu wake, Ameir Silima:
kasimama mbele ya kioo, mikono kaiachia
kama aliyekwisha kuapa.
Kifua, inchi arubaini na sita.
Kwenye karatasi za yale magari
saini yake ni ya pili kutoka juu.
Anasema siku ile miwani aliisahau nyumbani.

Kisha Shaame, mwenye duka la simenti.
Huyu hakutaka kupimwa.
Kauliza bei ya joho jipya,
"la kijani, hili lina nuksi,"
akatoa noti kabla sijajibu.
Nikazipokea.
Kodi ya duka ina miezi miwili,
na mkono, mkono ulikwenda wenyewe.

Mtaani wanamtaja Mwanakhamis,
diwani aliyeingia mtaroni na viatu vya mpira
siku maji yalipofika vitandani.
Yeye alikuja kutiwa zipu ya mkoba.
Kaliona joho mezani, kaligeuza, katazama mishono.
"Walikulipa?"
Nikasema la.
Akalipa zipu yake, shilingi elfu mbili, akatoka.
Sikusemi uongo, sijui kama ataweza:
nimemsikia akimfokea mjane kwenye foleni ya maji
mpaka yule bibi akaacha ndoo yake.
Lakini swali lile hakuna mwengine aliyeliuliza.

Nguo ya kuazima haisitiri matako, walisema.
Na hii ya kuazimwa na mji mzima?

Usiku nimefumua jina, herufi moja moja, kwa wembe.
K imetoka. H imetoka.
Uzi umejaa mapajani kama nywele za kinyozi.
Lakini mahameli haisahau:
ukiielekeza kwenye taa
Khelef Pandu bado anasomeka,
mwekundu juu ya wekundu.

Bega nimelipasua, pamba nimeitupa.
Atakayelivaa alivae na bega lake.

Makame kapiga simu. Kura Jumatano.
Anauliza nimelibana au nimelipanua.
Nikamwambia njoo na deni langu, utaliona.

Noti za Shaame zimo kwenye kopo la vifungo.
Kila nikitafuta kifungo
nazigusa.