Hali ya Bichiko

Daktari Tamta aliniuliza hali yake.
Nikamjibu: hali.
Siku ya tano hii, hali.
Bakuli la chembe za mfuko, zile za bei ya viatu,
analinusa kama karani anayekagua hati ya kughushi,
kisha anageuka, ananiachia mkia.

Kilo tatu na nusu za kiburi.
Masikio ya popo, miguu ya njiti za kiberiti,
na nyumba nzima inamnyenyekea.

Jumatatu nilimchemshia kuku, bila chumvi, bila kitunguu,
maana kitunguu kwa mbwa ni sumu.
Nikamchambua mnofu nyuzi nyuzi,
nikaupuliza hadi ukapoa.
Alikula nyuzi mbili. Ya tatu akaiweka juu ya kiatu changu
kwa adabu, kama mtu anayerudisha chenji.

Jumanne maini. Akayatazama.

Jumatano wali na karoti, na kiini cha yai juu yake
kikiwaka kama jua la Agosti kwenye mabati ya Tbilisi:
akalilamba jua, wali akauacha.

Alhamisi nilikaa sakafuni, mimi na magoti yangu ya miaka sabini na moja,
nikatafuna karoti mbele yake nikisema mmm, mmm,
kama nilivyomdanganya mwanangu Zurab ule mwaka wa foleni za mkate,
tulipokuwa na mshumaa mmoja
na supu ya maharage isiyo na maharage.
Zurab alikula. Hakuwa na la kuchagua.
Huyu anachagua. Namwonea hasira,
halafu, sijui kwa nini, nafurahi
kwamba humu ndani mna kiumbe asiyeijua foleni.

Na hiyo Ijumaa mizani ya daktari ikanicheka:
mbwa asiyekula ameongezeka gramu mia tatu.

Basi Jumamosi alfajiri nikamfungulia mlango, nikavua viatu,
nikamfuata kwa soksi kwenye ngazi za chuma za uani.
Ghorofa ya pili, Guram fundi saa: kipande cha jibini,
mkononi, "Shika, bwana mdogo."
Chini yake, mapacha wa Eteri: ukoko wa mkate na siagi,
wakimnong'oneza asimwambie bibi.
Bibi ni mimi.

Na uani, chini ya mzabibu, Nodar.
Nodar ambaye hatujasalimiana tangu ugomvi wa bomba,
mwaka wa kumi na tisa huu,
alikuwa ameinama
akiokota zabibu zilizodondoka, moja moja, akizitia kwenye kopo.
"Zinawaharibu figo," alisema bila kuniangalia. "Nilisoma."
Kando yake, kisahani.
Kuku. Nyuzi nyuzi.
Bichiko alikuwa akila kama mbwa.

Sikujua niseme nini, soksi zimelowa umande.
Nikasema: umetia kitunguu?
Akasema: mimi si mjinga, Lamara.

Usiku nikaandika karatasi, nikaibandika langoni:
JIBINI MARUFUKU. SIAGI MARUFUKU.
Kuhusu kuku nikaandika mstari, nikaufuta,
nikauandika tena kwa herufi ndogo: kwa Nodar tu, kidogo.
Najua hawataitii. Hata mimi niliyeiandika sitaitii.

Kisha nikakaa mezani na maini aliyoyakataa asubuhi.
Miaka mingi daktari wangu, yule wa watu,
ananisihi nipunguze chumvi, namwambia ndiyo, ndiyo.
Nikala maini ya mbwa, ya baridi, kwa kijiko.
Hayakuwa mabaya.
Bichiko chini ya meza akanitazama
kwa yale macho ya karani,
hadi nilipofikia kipande cha mwisho.
Hapo akasimama kwa miguu miwili
akaomba.