Mstari Mmoja, Tandahimba

Umeme ulikatika saa tatu na robo,
katikati ya gunia la sabini na nane.
Mizani ikazima namba zake.
Wakulima wakaguna, wakakaa juu ya magunia yao,
na mimi, karani, nikatoka nje ya ghala
na darubini yangu ya mtumba:
jicho la kushoto lina ukungu, la kulia linaona.

Novemba. Anga imeoshwa na mvua ya jana.

Nilianzia kaskazini, juu ya paa la zahanati.
Andromeda, doa la unga uliofutwa kwa kiganja.
Ukilikazia macho linatoroka.
Litazame kando kidogo,
kama unavyomtazama msibani mtu mwenye deni lako,
nalo litarudi, litakaa.

Nikainua shingo hadi kofia ikaanguka.
Karibu na utosi kuna kipande cheusi, nyota haba,
waliochora ramani wamekiita Mchongaji.
Nikacheka peke yangu. Hapa, Umakondeni!
Mjomba Nanguka angeuliza, mpingo kaupata wapi?
Ndani yake mwanga umelala ubavu,
mwembamba, kibanzi kilichoruka kwenye tezo.

Kisha kusini, juu ya mikorosho ya kina Likanga,
Wingu Dogo la Magelani. Hilo halitaki darubini.
Mpwa wangu Somoe alidhani ni salfa:
"Nani anapuliza mikorosho usiku huu, na msimu umeshapita?"

Kaskazini, utosini, kusini:
mstari mmoja, kama uzi wa mwashi,
na sisi chini yake na magunia.

Chitanda akaniuliza, ule mwanga umetoka lini?
Nikamwambia, wa kaskazini, miaka milioni mbili na nusu.
Akaanza kuhesabu kwa vidole, akaacha.
"Basi mimi ninayedai hela ya mnada wa pili
sina haki ya kulalamika."
Watu wakacheka,
kicheko chenye ada ya shule ndani yake.

Lakini haki anayo.
Ule mwanga umekuja bila ushuru, bila makato ya chama,
hakuna aliyeupima kwa kangomba njiani.
Umechelewa kwa sababu ya umbali, basi.
Sisi na benki hatuko mbali.
Nimewahi kupima: hatua mia nne na kumi.

Sikuyasema hayo. Mimi ni karani.

Umeme ukarudi. Taa ya ghala ikafuta wingu,
ikafuta kibanzi, ikafuta doa.
Mizani ikaanza upya kutoka sifuri.
Gunia la sabini na nane, nikaita, la nani hili?

Lilikuwa la Chitanda.
Alikuwa bado mlangoni, ametupa mgongo,
anatazama kando kidogo
ya mahali palipokuwa na mwanga.