Nyuzi Mbili

Kwetu Makete baridi haigandishi, inaunguza.
Unalala shamba likiwa kijani,
unaamka viazi vimekuwa vyeusi
kama vimepitiwa na pasi ya mkaa.
Mama ana neno moja tu kwa asubuhi hiyo:
"Imekuja."
Haulizwi nini.

Basi Enesia Chaula, wa dawati la pili,
aliyefeli Jiografia kwa kuchora saketi
pembezoni mwa ramani ya mvua,
akasema: tuitengenezee mlinzi.
Kihisi joto tulikichomoa kwenye friji la chanjo
lililokufa zahanati,
honi ni ya bodaboda ya binamu yangu (ameshajua),
kopo ni la maziwa ya unga.
Mimi sikubuni kitu. Nilishika tochi,
nikapuliza moshi wa risasi usimwingie machoni.
Zikifika nyuzi mbili, honi ilie.
Mama aliposikia nyuzi
akatuletea za kushonea, nyeusi na nyeupe.
Mbili, si sifuri, alisisitiza Enesia:
mtu anahitaji muda wa kutafuta viatu.

Tukatengeneza viwili.
Cha kwanza, kile kibaya, chenye gundi iliyovimba kama jipu,
tulikiacha kwenye nguzo ya uzio, shambani kwa mama.
Cha pili tulikivika soksi,
kikateremka nasi mpaka Mbeya.

Ukumbini palikuwa na roboti la Iringa
lililojua kukata kulia tu,
vijana wa Mafinga na mkaa wao wa maranda,
sabuni ya kokwa za parachichi kutoka Tukuyu
iliyonukia kuliko sisi sote,
na watu, watu, pumzi zao,
na jua la saa saba juu ya bati.
Nyuzi ishirini na nane.
Mlinzi wetu akalala fofofo.

Jaji mwenye tai ya kijani akainama.
"Kosa la kipimo?"
"Nusu nyuzi," Enesia akajibu. "Siku moja tatu,
mbuzi alipokilamba."
Hakucheka. Aliandika.
"Kinalia?"

Nikatoka mbio hadi getini, nikanunua barafu za ubuyu,
nne, mia mia,
zikanichuruzikia wekundu hadi kiwikoni,
tukakizika kihisi humo.
Kumi na tisa. Kumi na moja. Sita.
Tatu.
Tatu.
Ubuyu ukaanza kuyeyuka. Nne.
"Asanteni," akasema jaji,
akahamia kwenye sabuni.

Usiku, bweni la shule ya watu,
saa tisa, Madamu Kyando amesimama mlangoni,
khanga begani, simu ameinyoosha mbali naye
kama kitu kilichomwagikiwa.
"Mama yako."

"Hiki kidude chenu kimepatwa na nini?
Kimeamsha mpaka ng'ombe. Nakizimaje?"
Na nyuma ya sauti yake, mbali,
kutoka upande ule mwingine wa milima,
honi ya bodaboda
inalia, inalia, inalia.

"Usikizime!" Enesia, miguu mitupu kwenye saruji,
nywele upande mmoja. "Mama, funika viazi!"

Kimya. Honi tu.
Halafu nikamsikia mama akivuta hewa,
na lile neno lake, lile lile,
ila safari hii herufi mbili zimebadilika:
"Inakuja."

Simu ikaachwa wazi juu ya kitu fulani.
Tukasikia mlango. Jina la jirani likiitwa mara tatu.
Nyasi zikiburutwa. Debe likianguka,
mtu akilitukana kwa Kikinga.
Bweni zima limeketi vitandani, hakuna anayekohoa,
mpaka salio la mama likaisha.

Asubuhi tulikuwa wa kumi na nne
kati ya shule ishirini na mbili.
Cheti kiliandikwa Enesia Chaura.
Hakulalamika. Alikigeuza upande mweupe,
akaniomba kalamu,
na njia nzima ya kupanda Isyonje
akawa anapiga hesabu za honi ya sauti ndogo kidogo,
kwa ajili ya ng'ombe.