Milimita Sita

Saa moja asubuhi, Loleza haionekani.
Ukungu umeshuka hadi kwenye bati la maabara.
Nafungua kiatamizi kwa kiwiko,
vidole vimekufa ganzi kwa baridi ya Julai.

Sahani kumi na nne juu ya kitambaa cheusi.
Juzi nilipanda humo usaha, mkojo,
damu ya kitoto ambacho bado hakijapewa jina,
na jana nikaweka vidonge vya karatasi, kila kimoja na dawa yake,
vidogo kuliko kifungo cha shati.

Dawa ikiwa na nguvu huzungukwa na uwanja mtupu;
wadudu husimama mbali,
kama wageni mbele ya nyumba yenye mbwa.
Naweka rula. Ishirini na mbili. Kumi na tisa. Naandika.

Kisha kitanda cha tisa: Ambakisye,
mpakiaji wa viazi Uyole,
mguu uliochanwa na ubao wa lori.

Rula inasoma sita.
Sita ni upana wa kidonge chenyewe.
Yaani dawa imeketi peke yake
na wadudu wamefika hadi kizingitini,
wanang'aa kama mafuta juu ya mchuzi uliopoa.
Sita. Sita. Ya nne nayo sita.
Tumwitike, anayepokea zamu, ananiuliza kama nimesinzia.
Nampa rula apime mwenyewe.

Viganja vya Ambakisye vina sugu za magunia.
"Ngozi ukiionea kila siku," aliniambia, "inaacha kulia."
Sikumjibu. Nilikuwa nahesabu moyoni
vidonge vitatu vya Mwanjelwa badala ya kumi na tano,
na vile vya jirani vilivyobaki kabatini,
na vile nilivyomkatizia mwanangu mwenyewe
homa iliposhuka siku ya pili.

Sahani ya kitoto si bakteria.
Madoa meupe, mviringo, harufu ya togwa changa.
Ukungu. Flukonazoli: sita.
Ule wa dirishani utapanda jua likichomoza.
Huu haujui jua.

Narudi nyuma kwenye daftari, kidole juu ya safu.
Juni nne, wodi ya wazazi: sita nne mfululizo, kama za Ambakisye.
Juni ishirini, upasuaji: hivyo hivyo.
Watu wasiojuana hata kwa salamu,
mdudu mmoja amewatembelea wote.

Wiki iliyopita nilizunguka na pamba na mirija:
sinki, komeo, pazia, kiti cha magurudumu.
Safi, safi, safi, na safi ya kubahatisha.
Ila kalamu ya bluu, iliyofungwa kwa kamba ukutani,
ile tunayotia nayo sahihi, kila zamu,
kwenye karatasi isemayo
mikono imeoshwa.

Sahihi yangu ipo mara kumi na moja.

Namaliza ripoti. Naweka kalamu chini, naitazama.
Maji ya bomba yanakata kama wembe.
Tumwitike anasubiri nyuma yangu, mikono juu, hagusi kitu.