Fowili

Kilima cha Mtambwe baada ya mvua ni sabuni.
Nabonyeza swichi: taa ya kijani
inapepesa, inapepesa, haikai.
Chini ya sakafu kimya. Hata "ka" hakuna.

Mota mpya, Unguja wamenambia, laki sita.
Laki sita! Na karafuu za watu zinaningoja barazani.

Basi nimeifungua mwenyewe, chali juu ya gunia,
udongo mwekundu ukinidondokea jichoni.
Bolti tatu zimekubali. Ya nne imekatika.
Nikaipeleka Wete, kwa Mize wa mafeni.

Hakuuliza ni ya gari gani.
Aliinusa. "Imekunywa chumvi. Ulibebea mwani?"
Nikatazama pembeni.
"Haijafa. Mota ni mota."
Akakung'uta kutu kama unga wa mdalasini,
akasugua shaba kwa msasa mpaka ikacheka,
brashi akazichonga kutoka drili iliyoungua,
na mpira wa kuzuia maji akaukata
kwenye kisigino cha ndara yangu.
Grisi, kidole kimoja.
"Elfu kumi na mbili. Na ndara ununue nyengine."

Nimerudi peku.

Alasiri, magunia tisa nyuma, Shaame kasimama
na jiwe mkononi, tayari kuzuia tairi.
Nabonyeza.
Ka.
Halafu mngurumo mdogo, kama mtu anayesafisha koo
kabla ya kukiri kosa.
Taa imekaa.

Tunapanda. Shaame, jiwe bado mkononi,
anatukimbilia akipiga kelele nimngoje.
Simngoji.
Nani asimame hapa?